Doa la Saa ya Ambrose

Jumanne, 1 Oktoba 2024

Mvua ya kwanza ya maana tangu kiangazi kianze. Migomba imeinua mabega. Goti langu la kushoto halijainua kitu.

Leo nimefungua sanduku lenye vitu vya marehemu Ambrose: mkuki, kigoda, koti la sufu, na saa ya mkono. Jumamosi ya wiki ijayo tunamaliza matanga, nami niliyeteuliwa na ukoo kuwa msimamizi nitavikabidhi. Mkuki, kigoda na koti ni vya mrithi, mwanawe wa kwanza. Saa ni ya Noela, binti yake, muuguzi huko Nyakakika. Ambrose alitamka hivyo akiwa kitandani, na mimi nilikuwa nimeketi karibu na miguu yake.

Siku ya maziko niliinua kila kitu mbele ya watu nikataja alama zake, kama tunavyofanya sisi. Siku ya kukabidhi nitazitaja tena kwa sauti alama zilezile, na watu watajibu, "Ndicho chenyewe." Ndipo kitu hutoka mkononi mwa msimamizi kikaenda kwa mwenyewe. Kazi nyepesi kwa mtu aliyehubiri miaka arobaini.

Nani hapa Ihanda asiyeijua saa ile! Ambrose alikuwa mpiga kengele wa usharika wetu. Alikuwa akiitazama, kisha akaipiga ile rimu ya lori iliyoning'inia kwenye mkaratusi, nasi tukajua kwamba ni saa sita. Tulilima, tulisali na tulizikana kwa saa ya Ambrose.

Sasa inatia huruma. Uso wake umekuwa wa manjano, tarakimu za kijani zimefifia, na lipo doa la kahawia. Nimeamua kuisafisha. Kitu cha marehemu kisimfikie binti yake kikiwa kichafu.

Eustadia, mke wangu, ameuliza ni nani aliyeniomba. Nimemjibu kwamba msimamizi haombwi. Akasema hata redio niliyoitengeneza hadi ikanyamaza haikuomba.

Alhamisi, 3 Oktoba

Nimeanza. Meza chini ya dirisha, kitambaa cheupe, sala fupi. Nilipachika ncha ya kisu cha mezani kwenye ukingo wa saa, nao ukaruka pamoja na kioo chake hadi chini ya kabati. Nililala kifudifudi kuvitafuta. Eustadia akapita na ndoo, akauliza kama nimeanza maombi ya namna mpya.

Uso wa saa ukawa wazi mbele yangu. Nilipuliza vumbi kwa mdomo — vumbi la kijani lilipanda kidogo, nikapiga chafya. Nikazungusha pamba kwenye njiti ya kiberiti, nikailamba ili iwe na ncha, nikaichovya kwenye mafuta ya taa.

Matokeo: manjano yaliyokuwa upande mmoja sasa yapo pande zote, na yananata. Doa halikutikisika. Nimekaa muda mrefu nikilitazama, nalo likinitazama.

Nakumbuka kwamba chuoni mwalimu wetu mmoja, mtu wa ng'ambo, alisafisha miwani yake kwa spiriti. Hakuacha alama. Kesho nitatafuta spiriti.

Ijumaa, 4 Oktoba

Duka la dawa halina spiriti. Binti wa dukani amesema italetwa wiki ijayo, au ile nyingine.

Hapo ndipo akili yangu iliyosomeshwa kwa sadaka za waumini ilipofanya hesabu yake. Spiriti ni kileo kilichochujwa. Gongo ni kileo kilichochujwa. Kwa hiyo!

Nimekwenda mwenyewe kwa Laurensia, mpika gongo wetu, kwa miguu, mchana kweupe, maana mtu mwenye nia safi hajifichi. Hata hivyo chupa niliiweka kwenye mkoba wa Biblia. Sijui kwa nini niliona kwamba hapo ndipo mahali pake.

Wanaume waliokuwa kwenye benchi lake wote walisimama. "Shikamoo, Mwinjilisti!" Kwa pamoja, kwa adabu ambayo sijawahi kuiona kanisani. Mmoja alinisogezea nafasi, akaifuta kwa mkono.

Nilimwambia Laurensia kwamba nataka kidogo, kilicho kikali kuliko vyote, na kwamba ni cha kazi.

"Wote ni wa kazi, waitu," akasema, kwa neno letu la heshima. "Mwalimu ni wa jino. Fundi seremala ni wa mgongo. Wewe ni wa nini?"

Nikasema ni wa kusafishia. Benchi zima likakohoa.

Alinichotea kutoka kwenye mtungi ile inayotangulia kudondoka wakati wa kuchuja, akamimina kijikoni, akawasha kiberiti. Mwali wa buluu. Niliinama kuuona vizuri, na sasa nyusi yangu ya kulia ni fupi kuliko ya kushoto.

"Umeona, Mwinjilisti? Hii haina maji hata ya ubatizo."

Jumamosi, 5 Oktoba

Nitayaandika yalivyotokea.

Pamba mpya, njiti mpya. Tone moja juu ya doa. Nilizungusha polepole. Doa likalegea! Pamba ikawa ya kahawia. Furaha iliyonipata hainipati hata Pasaka. Nilianza wimbo wa kitabuni, ubeti wa kwanza, kwa sauti ya kwanza. Nikaongeza tone.

Kwenye ubeti wa pili tarakimu ya tatu ikasogea.

Nilidhani ni macho yangu. Nikavua miwani, nikaifuta, nikaivaa. Tatu ilikuwa inateleza kuelekea nne. Nikajaribu kuirudisha kwa pamba, nayo ikashikana na pamba na kuondoka. Nikasema, "Basi, basi," kama mtu anayemtuliza ng'ombe. Kumbe tone lilikuwa limekwisha kutambaa chini ya rangi. Rangi ikakunjamana kama maziwa yaliyochemka, ikapasuka. Nikafuta kwa kitambaa ili kuzuia. Huo ndio ulikuwa ufutaji mkubwa kuliko wote. Sita ikaondoka, kenda ikaondoka, na yale maandishi madogo yaliyokuwa chini ya kumi na mbili yakawa mstari mmoja mweusi, kisha yakawa kidole changu.

Nilipoacha, palikuwa na bati tupu. Linang'aa. Nililitaka safi, nimelipata safi.

Na saa yenyewe inatembea! Mishale yake inazunguka kwa bidii, inaonyesha hapa, inaonyesha pale, na popote inapoonyesha hakuna kitu.

Eustadia alikuja akasimama nyuma yangu. Aliinama, akaitazama saa juu ya bega langu. Kisha akauliza, kwa upole kabisa, "Sasa ni saa ngapi, Baba Kahigi?"

Nilirudisha kioo. Kiwiko kiligonga chupa, ikaanguka, na nusu ya gongo iliyobaki ikaingia kwenye koti langu la Jumapili lililoning'inia kitini.

Jumapili, 6 Oktoba

Koti moja tu ninalo. Lililowa, likaanikwa, likakauka, nikalivaa.

Kwenye benchi la wazee nilikuwa nimeketi karibu na Kashaija, mwenyekiti wa wazee wa kanisa, ambaye pia ni mdogo wake marehemu Ambrose na ndiye atakayesimamia shughuli ya Jumamosi. Alinisalimu. Baada ya kidogo akanisalimu tena, kwa karibu zaidi. Wakati wa sala ya toba nilimsikia akivuta pumzi kwa pua, ndefu, kama mtu anayenusa mchuzi.

Baada ya ibada alinivuta pembeni, nyuma ya ile rimu. Alizungumza kwa upendo, jambo ambalo lilinitisha. Alisema kwamba uzee una upweke wake. Alisema kwamba nimempoteza rafiki. Alisema kuwa mtu ameonekana Ijumaa mahali fulani, na kwamba yeye hakuamini — hadi leo asubuhi.

Hapa palihitajika sentensi moja tu ya kweli. Nilikuwa nayo. Ningesema: nimeiharibu saa ya kaka yako. Badala yake nilisikia sauti yangu, ile nzito ya mimbarini, ikisema kwamba ni dawa ya kusugulia goti.

Uso wake ukafunguka. Akamshukuru Mungu. Akaniomba nimpatie kidogo, goti lake pia linamsumbua.

Jumatatu, 7 Oktoba

Nimekwenda Kayanga kwa bodaboda. Yupo fundi wa saa na simu huko, mtu wa makamo aitwaye Mucyo, ana kibanda chini ya ngazi za jengo la ghorofa. Nilimpa saa bila maelezo. Aliweka lenzi jichoni, akaitoa, akanitazama mimi, akairudisha.

Akauliza nimetumia nini. Nikasema spiriti. Akanusa, akatabasamu, hakubisha.

Akanieleza kwamba uso wa saa za zamani umepakwa vanishi, na tarakimu zinakaa ndani ya vanishi hiyo. Spiriti hula vanishi. Petroli hula wino. Hata maji hudhuru. Ndiyo maana yeye akiupata uso mchafu anauacha mchafu. Kisha akauliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua, iwapo ile rangi ya kijani iliyowaka gizani niliigusa kwa mikono. Nikasema niliipuliza kwa mdomo. Na pamba niliilamba.

Alisogeza kiti chake nyuma kidogo.

Akasema ile ya zamani sana si nzuri mwilini, unga wake usivutwe wala kulambwa, na kitambaa nilichofutia nikifunge kwenye mfuko, nisikichome moto. Nikamwuliza kama nitakufa. Akauliza nina umri gani. Nilipomwambia, akasema haoni kama itafanya tofauti kubwa.

Kisha akavuta droo. Ndani zilikuwapo nyuso za saa zilizokufa, kumi na kitu, zimelala kwenye pamba kama vifaranga. Akachagua moja. Rangi ya maziwa, tarakimu za kijani. Akaiweka juu ya saa ya Ambrose, ikakaa kana kwamba ilizaliwa hapo.

"Hakuna atakayejua, Mzee."

Nikasema anipe muda niombe.

"Omba tu. Mimi nakunywa chai."

Nikainamisha kichwa palepale chini ya ngazi. Naona haya kuandika kwamba jibu lilikuja upesi, na lilifanana sana na mapenzi yangu. Nilifumbua macho nikiwa tayari kusema ndiyo. Nikauliza jambo moja tu: ile ya kwanza ilikuwa na doa, hii haina.

"Doa?" akasema Mucyo. "Doa nitakuwekea. Natia kahawa kwa sindano, linakauka leo hii."

Nilisimama. Ningependa kusema ni dhamiri iliyonisimamisha. Ilikuwa ni picha ya mtu wa umri wangu, mwinjilisti mstaafu, akilipia doa. Nikachukua saa, nikaondoka bila kuaga vizuri.

Nyumbani niliingia stoo, nikafunga mlango, nikavitazama vidole vyangu gizani. Havikuwaka. Nikautoa ulimi, nikajaribu kuutazama. Eustadia akafungua mlango kutafuta jembe.

Jumatano, 9 Oktoba

Tulikuwa tunamenya ndizi. Eustadia akauliza Jumamosi nitasema nini nikiinua saa. Nikasema nitataja alama zake.

"Zipi?"

Nikafungua mdomo, na ndipo nilipojikumbuka siku ya maziko, nikisema kwa sauti ya kufika hadi barabarani: Saa ya mkono. Uso rangi ya maziwa. Tarakimu za kijani. Na doa la kahawia, umbo la punje ya kahawa, karibu na tarakimu ya tatu.

Nililitaja doa! Mimi! Nalo lilikuwa alama niliyojivunia kuliko zote, kwa sababu saa za rangi ya maziwa zipo nyingi, doa lile ni moja. Siku chache baadaye nikaketi mezani na pamba kulitoa.

Eustadia aliendelea kumenya. Yeye huwa anafika mahali kabla yangu na kunisubiri. Akasema saa isiyo na alama zake, kwa watu ni saa iliyobadilishwa. Na msimamizi aliyebadilisha saa ya yatima, akaonekana kwa Laurensia, akanuka kanisani — hata yeye, asingekuwa mke wangu, angejua saa imekwenda wapi.

Kwa hiyo watasema nimeinywa.

Yote mawili yana dawa moja. Nikisema nilivyoiharibu, naondokana na ulevi na wizi, nabaki na upumbavu. Ni biashara nzuri. Mbona kinywa hakitaki?

Eustadia anasema ni kwa sababu mlevi hutubu, watu wakaimba. Mpumbavu hana wimbo.

Alhamisi, 10 Oktoba

Noela amefika mchana kutoka Nyakakika, amepitia kwetu kabla ya kwenda nyumbani kwao. "Shikamoo, Baba." Amekonda. Ana mwendo wa Ambrose, ule wa kutangulia kichwa.

Niliazimia kumwambia kabla chai haijapoa. Lakini alivishika vidole vyangu, akavigeuza kwenye mwanga. Ngozi inabanduka na imepasuka. Akauliza nimeshika nini. Nikasema — Bwana anirehemu — dawa ya goti. Akaniagiza niiache mara moja, na nimwonye yeyote mwingine anayeitumia. Nikamfikiria Kashaija, ambaye bado ananidai chupa yake.

Kisha akaiulizia saa. Alizungumza akitazama kikombe. Alipokuwa mdogo alipatwa na degedege msimu wa mvua. Ambrose alimbeba kwa miguu hadi hospitali, mkono wa kushoto chini ya mgongo wake njia nzima, mvua ikimpiga, na maji yakaingia kwenye saa. Ndipo lilipotokea lile doa. Mimi nilidhani ni uchafu wa uzee. Miaka yote nimekaa na Ambrose, sikuwahi kuuliza.

"Kuna fundi aliwahi kutaka kulisafisha," Noela akasema. "Baba akakataa. Aliniita, akaniwekea kidole pale kwenye tatu, akasema, hapa ndipo ulipo wewe."

Akaomba aione tu, mara moja. Nikamwambia kwamba desturi hairuhusu kitu kuonwa na mwenyewe kabla ya siku ya kukabidhiwa. Desturi hiyo niliitunga wakati huohuo nikiwa nimeshika birika. Akaiheshimu. Aliinamisha kichwa akasema sawa, Baba.

Eustadia aliondoka chumbani.

Jumamosi, 12 Oktoba

Nipo nyumbani kwa marehemu Ambrose. Naandika kwenye daftari hili kwa sababu ndimo nilimoandika maneno ya kusema leo, na kwa sababu mvua imetufungia ndani.

Asubuhi niliamua. Nitasema kila kitu, na ushahidi nimeuleta: kwenye mkoba wa Biblia imo chupa ya Laurensia, ikiwa na kilichobaki, na mfuko uliofungwa wenye pamba na kitambaa cheupe vilivyobeba tarakimu zote kumi na mbili. Nilipopita mlangoni Kashaija alinusa mkoba, akaninong'oneza, kwa shukrani, kama ndiyo ile dawa ya goti. Nikasema ataiona mbele ya watu. Alidhani ni mzaha.

Tukaanza uani. Niliinua mkuki. Alama. "Ndicho chenyewe." Mwana akapokea. Niliinua kigoda, mguu mmoja umeliwa na mchwa. "Ndicho chenyewe." Koti, kifungo cha pili si cha kwake. Watu wakacheka, wakaitika. Kisha nikatoa leso, nikaifungua, nikaifunika saa kwa kiganja na kuinua mkono. Noela alikuwa amesimama mbele, mikono miwili tayari.

Nikasema, "Hii ni saa."

Hiyo ni alama ya kwanza, na hakuna aliyebisha. Nikavuta pumzi ya kusema yanayofuata. Mvua ikashuka — si manyunyu, ni mvua ya kuvunja migomba — na Kashaija akapaza sauti kwamba kila mtu aingie ndani, tutaendelea ikikata. Nilimshukuru Mungu kabla sijajua ninamshukuru kwa lipi. Ndivyo nilivyo.

Wameingia wote. Chumba ni kidogo, bati linapiga kelele hata watu wanaongea kwa mikono. Mimi nimepewa kiti kwenye kona. Kashaija ameketi mbele yangu, amenyoosha goti, anautazama mkoba. Eustadia yuko mlangoni kati ya wanawake wengine. Ananitazama mimi tu.

Noela alikuja akaketi chini karibu na kiti changu. Akasogeza mdomo sikioni.

"Baba, kwa kuwa umekwisha kuiinua, niishike tu wakati tunangoja."

Sikuwa na desturi nyingine ya kutunga. Nilimpa.

Aliiweka sikioni kwanza. Akatabasamu, akanionyesha kwa kidole kwamba inatembea. Kisha akainyoosha mbele ya macho, akakunja uso, akasema chumba hiki kina giza. Amesimama. Amepita kati ya magoti ya watu hadi dirishani.

Mvua inapungua. Naweza kusikia tena watu wakikohoa. Naandika ili nisiinue kichwa, lakini nimekwisha kukiinua. Ameigeuza saa upande huu, kisha upande ule. Ameishika karibu kabisa na mwanga. Sasa ameshika ncha ya kitenge chake na anafuta kioo, taratibu, palepale kwenye tatu, kana kwamba ni ukungu tu